Mawe Matano ya Mheshimiwa Tausi

Mto ulikuwapo, daraja halikuwapo, na mbunge wa pale alikuwa Tausi. Kituo cha kura kilikuwa ng'ambo, kwa hiyo wanyama waliochoshwa naye hawakufika kumwangusha.

Kila uchaguzi alikuja na chama kipya na shada jipya la maua shingoni, akapasua nazi ya kuombea baraka, akaweka jiwe la msingi la daraja, limechorwa jina lake. "Jina langu litawavusha!" alisema, akaenda zake bungeni miaka mitano. Kuyabeba mawe ilikuwa kazi ya Punda.

Asubuhi ya uchaguzi wa sita akatua tena na nazi yake.

"Punda, ndugu yangu, beba jiwe!"

"Jamani, Mheshimiwa! Jiwe tena? Mgongo umeniisha."

"Kwani yale matano yako wapi?"

Punda akamwonyesha mtoni. Mawe yamepangwa majini mpaka ng'ambo, na wanyama wanavuka mmoja mmoja kwenda kupiga kura.

"Mnakanyaga jina langu!" Tausi akapiga kelele.

"Si ulisema litatuvusha?" Punda akajibu, akapanda jiwe la kwanza. "Haya, nipishe. Kituo kinafungwa jioni."