Chokaa Kapata
Odile, mkaguzi wa miti ya mji mtaani Kapata, aligonga shina kwa mpini wa panga. Likaitika kama ngoma. Mchwa walikuwa wameshalimaliza ndani.

Tawi nene lililalia paa la nyumba iliyokuwa yake, kabla mumewe hajafukuzwa kwa kuwa Mkasai, mtu wa mkoa mwingine, akafia stesheni akingoja treni.

Aliyemfukuza alitokea mlangoni. "Mama, piga rangi nyekundu, bakate huu muti. Mvula inakuya."

"Unalala chumba gani, tata?"

"Cha mbele, peke yangu. Kitanda chenu kizuri, mama!" Akacheka.

Odile akalitazama tawi, kisha dirisha chini yake. Akachovya brashi katika chokaa, alama ya mti usioruhusiwa kukatwa, akaizungusha kwenye shina polepole bila kudondosha tone.

"Muti muzima huu, tata. Lala tu."