Malkia Aliyeamrisha Usingizini

Mchwa walipohamia kichuguu kipya, malkia wao alikuwa amelala fofofo, na hata ndotoni hakuacha kuamrisha. "Ingizeni uyoga," alinong'ona, nao wakaingiza chumbani uyoga wa kulishia watoto. Akajigeuza. "Toeni uyoga." Wakautoa.

Ikawa hivyo, ingiza, toa, ingiza, toa, taratibu kama pumzi za mtu aliyelala. Sikudhani, mchwa mzito wa mwendo, aliona uyoga ukinyauka midomoni mwa wenzake. Akajikalia pembeni, akaukumbatia wake.

"Mkaidi wewe!" mnyapara alimfokea. "Husikii amri?"

"Nimezisikia zote mbili, bwana. Ndiyo maana nimekaa."

Malkia alipozinduka, watoto walikuwa wanalia njaa na uyoga wote umekufa, isipokuwa ule wa Sikudhani. Mnyapara akamsukuma mbele. "Huyu ndiye aliyekaidi, mama. Sisi wengine tulitii kila neno."

"Kwa nini hukunitii, mwanangu?"

Sikudhani hakuuachia uyoga wake. "Nilikuwa nangoja uamke, mama, nikuulize."

Malkia aliwatazama wale watiifu wake, midomo imejaa makapi.

"Haya, nimeamka," akasema. "Niulize."