Uso Usiopona

Maji ya uvuguvugu yalipomgusa shavu, Emérance alishika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. Mama yake, Christiane, aliyekuwa akimmiminia kidogokidogo kwa kikombe, aliacha kwanza, akasubiri maumivu yapite. Ngozi ilikuwa nyekundu, imekaza, inang'aa. Pembeni mwa mdomo ilikuwa ikibanduka.

Ilianza na chunusi. Emérance alikuwa nazo tangu shuleni, lakini posa ilipokubaliwa zilizidi, na nyumba nzima ikamletea dawa kutoka soko la Kikula: sabuni kali, tyubu ya kung'arisha, ndimu juu yake. Chunusi zilikauka kweli. Kisha uso mzima ukaungua.

Mchumba wake, Kalenga, alikuwa mgane wa Kambove, mtu mzima anayenunua mawe ya shaba kwa wachimbaji. Dada yake, Suzanne, alikuja kumwona bibi arusi. Alimtazama uso, akasema kwa upole kwamba kidonda hakipelekwi kanisani, wangoje kipone. Banza, baba yake Emérance, hakulala vizuri tena tangu siku hiyo. Alikuwa ametoa neno lake.

Christiane akampeleka binti kwa Fatu, muuguzi wa zahanati ya jirani. Fatu aliuliza kila kitu kilichopakwa, akatikisa kichwa.

"Ngozi iko na ukuta yake," alisema. "Mulibomoa ukuta. Sasa hata maji inaunguza. Chunusi tuache kwanza, tujenge ukuta."

Akawaagiza waache vyote. Wasimsugue. Jioni atumie sabuni laini isiyo na harufu, asubuhi maji tu. Mafuta mazito wasimpake, yangeziba vitundu na kurudisha chunusi. Krimu nyepesi ingetosha, ipakwe ngozi ikiwa bado na unyevu. Na juani avae kofia.

Emérance aliuliza jambo moja tu: kama ngozi ya namna ile inaweza kukaa hivyo hata mwaka mzima. Fatu akamtuliza, akasema ikitunzwa itapona. Binti akainamisha kichwa. Njiani Christiane alimshika mkono, akamwomba asikate tamaa.

Alifuata kila neno la Fatu. Polepole wekundu ukafifia, maji yakaacha kuchoma. Suzanne akapigiwa simu, tarehe ikatajwa. Kabla siku hiyo haijafika, Emérance aliamka uso ukiwa umeungua upya.

Wakaanza tena. Uso ukatulia, tarehe ikatajwa, uso ukaungua.

Christiane hakujua tena ashike wapi. Alibadilisha maji, akabadilisha foronya, akamkataza binti kukaribia moshi wa makaa. Alifunga na kuomba. Mchungaji akaja, akaweka mkono juu ya kichwa cha Emérance na kukemea pepo. Fatu naye akabadilisha krimu, na safari iliyofuata akakiri kwa sauti ya chini, "Miye pia sielewe tena."

Siku hiyo Christiane alikwenda nyuma ya nyumba akalia, mgongo ukutani, kitenge mdomoni asisikike. Binti yake alikuwa akiungua mbele ya macho yake, na mikono yake mwenyewe haikuwa na la kufanya. Kilichomuumiza zaidi ni kwamba Emérance hakulalamika hata mara moja. Alimfuata kule nyuma, akakaa karibu naye, akamfuta machozi.

"Usilie, mama. Miye nimezoea."

Mwishowe uso ulipona kuliko mara zote. Hata chunusi zilibaki chache. Banza hakutaka kungoja tena: akatangaza kwamba Jumamosi watu wa Kambove watakuja, na ndoa itafungwa. Christiane aliimba jikoni. Kesho yake mchana akachukua kikapu kwenda kununua mchele, lakini mvua kubwa ikamkuta njiani, akageuka.

Alipoingia uani alimkuta Emérance amepiga magoti mbele ya beseni, chini ya bati. Alikuwa akijisugua mashavu kwa brashi ya nguo na sabuni ya unga ya kufulia, bila haraka, macho amefumba. Povu lilikuwa limeanza kuingia damu.

Christiane akakiangusha miguuni kile kikapu kilicholowa mvua, akamnyang'anya brashi.  Akamuuliza kwa nini.

Emérance akajifuta povu machoni, akamtazama mama yake.

"Kinywa yangu ilisema sitaki hii ndoa," alijibu. "Hamukusikia, hata weye. Uso ikasema, mukasikia wote."