Viatu vya Kipanga

Kitu cha kwanza binti alichokiona ni kwamba mguu uliovunjika ulikuwa mmoja, lakini viatu vilivyokatwa kwa mkasi vilikuwa viwili.

"Vimegoma kutoka," alisema nesi, akihema kama aliyetoka kuchuna ng'ombe. "Mguu umevimba."

Na ule mzima umevimba kwa huruma, binti aliwaza. Aliviokota vile viatu vyekundu vya ngozi, akavitia mkobani, akakaa kando ya kitanda cha kaka yake.

Daktari alikuja na fomu. "Kaka yako ameanguka mara ngapi tangu aanze michezo hii?"

"Mara moja."

"Na ameruka mara ngapi?"

Binti aliinamia sakafu.

"Huyo ana haya, dokta," meneja wa maonyesho alidakia kutoka mlangoni. "Andika mia mbili na kumi na nne. Mimi ndiye mtangazaji, nimezihesabu zote."

Kweli alizihesabu. Kila Jumamosi pikipiki nyekundu ilichomoka hemani ikinguruma, juu yake Kipanga, ndivyo watu walivyomwita bingwa, na helmeti yake nyeusi ya kufunika uso. Ilipanda ubao wa kurukia, ikapita juu ya malori sita, ikatua, ikarudi hemani moja kwa moja. Baada ya dakika chache kaka mtu alitoka kwa miguu, helmeti kwapani, akipunga mkono. Shati kavu. Nywele zimechanwa.

"Hata jasho halimtoki!" watu walipiga kelele. "Dume la mbegu hilo!"

Wanawake walirusha vitambaa. Bwana mmoja, kwa kuzidiwa, alirusha kiatu chake, akarudi nyumbani akichechemea.

Mdogo mtu, yule binti aliyeacha shule darasa la tano, alikuwa wa hemani: kufua ovaroli, kukaza nati, kusugua viatu. Waliomwuliza kama haogopi kumtazama kaka yake akiwa hewani aliwajibu, kwa sauti ya chini, kwamba hajawahi kumtazama.

"Maskini," walisema. "Roho ya kuku."

Kisha wakaja watu wa televisheni. Wao walitaka bingwa aivae helmeti mbele ya kamera, wazi, hadi mwisho wasimpoteze machoni. Meneja alikubali kabla hawajamaliza kuomba.

"Waambie unaumwa tumbo," binti alinong'ona hemani.

"Dume haliumwi tumbo," kaka alijibu huku akivuta kiatu, meno yameumana.

Aliiendea pikipiki kwa hatua fupi fupi, kama anayekanyaga mayai. Umati uliushangilia mwendo huo wa kishujaa. Lori la kwanza alilivuka. La pili lilimpokea.

Nyonga, mguu na uti wa mgongo. Miezi minane hospitali, kisha kiti cha magurudumu. Na sifa, lo! Sifa ziliota mabawa, maana watu humpenda aliyeanguka kuliko anayetua. Kaka alifunguliwa darasa la kufundisha kuruka. Fundi saa mmoja, mtu mzima aliyechoka kukaa, alikuja na daftari.

"Bingwa, gia unaikanyaga kwa mguu gani?"

"Kwa moyo," alijibu kaka.

"Wa kushoto," ilisema sauti ndogo nyuma ya kiti.

Fundi saa aliandika: *moyo wa kushoto.*

Hapo meneja akapata wazo, na wazo la meneja halikosi saruji. Pikipiki ingechomelewa juu ya nguzo kwenye lango la uwanja, chini yake bamba la jiwe: KIPANGA, MIRUKO 214. Viatu navyo vingewekwa ndani ya kioo. Binti alipewa sindano na uzi avishone.

Alivishona. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikwenda ofisini, akaomba.

"Msiichomelee. Nimeikarabati, bado nzima."

"Utaifanyia nini, mama?" meneja alicheka hadi kiti kikalia. "Kubebea kabichi?"

Nyumbani, alipokuwa akimwosha miguu, kaka hakucheka.

"Nikiikosa ile nguzo, nabaki na nini, mdogo wangu?"

Binti alimkausha kidole kimoja kimoja. Swali hilohilo alikuwa nalo yeye, ila la kwake lilikuwa na matairi.

Siku ya kuzindua, uwanja ulijaa. Fundi wa kuchomelea alishavaa miwani yake. Viatu viling'aa juu ya meza. Kaka alikaa mbele, helmeti mapajani, na meneja aliishika maikrofoni kama mtu aliyeposa.

"Mia mbili na kumi na nne! Nani mwingine angeweza? Nawauliza, nani?"

Lilikuwa swali la kupambia hotuba. Jibu halikuwa kwenye ratiba.

Binti alivua kandambili. Alichukua kiatu kimoja mezani, akaingiza mguu. Akachukua cha pili. Miguu iliingia kama kisu kwenye ala. Kisha akasimama mbele ya kaka yake, akanyoosha mikono. Kaka aliikumbatia helmeti, akafumba macho, akaiachia.

Meneja, akidhani anashukuriwa, alimsogezea maikrofoni.

"Siku ile daktari aliniuliza kaka ameruka mara ngapi," alisema, na ukubwa wa sauti yake ukamshtua mwenyewe. "Mara moja."