Mikono Mitano Chini ya Taa

Baba Marieta alipunga mkono chini ya taa, akaona mikono mitano.

Akapunga tena. Vidole vilikatikakatika hewani. Yeye, fundi redio wa Dongobesh, ndiye aliyeiunda taa hiyo ya sola. Aliiagiza chipu yake iwashe na kuzima mara mia moja na sitini kwa sekunde, betri idumu, jicho lisigundue. Lakini saa ya ndani ya chipu hakuigusa, nayo ilikwenda polepole mara nane. Taa iliwaka mara ishirini tu. Miezi miwili aliona mwanga ukitetemeka, akalaumu betri.

Miezi miwili hiyohiyo binti yake alikuwa akianguka kifafa, kila mara hapa mezani, juu ya daftari. Nesi aliuliza kama nyumbani kuna taa inayochezacheza, maana huweza kuamsha kifafa. Baba Marieta alijibu hakuna, ila betri dhaifu tu.

Sasa mtoto alilala sakafuni kwenye ngozi ya ng'ombe, povu likimkauka mdomoni.

"Wazee wamefika," mkewe alisema mlangoni, bila kuinua macho. "Wanataka niwaeleze kosa la ukoo wetu lililomletea mtoto kifafa."

Baba Marieta alizima taa, akaichomoa. Bado ilikuwa ya moto.

"Shikamooni," aliwaambia wazee gizani. "Mwacheni Mama Marieta. Kosa ninalo hapa mkononi."