Kipilefti cha Wenyeji

Katika nchi ile gari halina usukani. Linajua lenyewe limpishe nani, na sheria ni moja: mgeni humpisha kila aliyemtangulia kuingia nchini. Shekimweri, dereva wa malori aliyehamia juzijuzi kutoka Korogwe, alikuwa amekwama kwenye kipilefti pamoja na mkewe Mwantumu, na shule ya chekechea ya binti yao ilikaribia kufungwa. Mtoto asiyefuatwa kwa wakati hulala kwa familia ya jirani na shule, na akizoea huko, hubaki huko.

"Toa mkono dirishani, baba Riziki," alisihi Mwantumu. "Waombe njia kama tunavyoombana nyumbani."

Akautoa, akaupunga, akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Magari yakapita mfululizo kama siafu. Ndani yake watu walikuwa wamelala, wengine wameshusha mapazia.

"Namwomba nani, mke wangu? Mimi niliyeshusha tela mteremko wa Kitonga kwenye ukungu, leo nipungie vioo?"

Akashuka kwa hasira, akasimama katikati ya barabara, kifua mbele. Magari yakamzunguka kwa adabu, bila hata honi ya kumtukana, na gari lake mwenyewe likarudi nyuma kidogo kumpisha mwenyeji mwingine.

Simu ya Mwantumu ikalia. Alikuwa Riziki, mdomo umejaa chakula.

"Mama, msihangaike. Nimeshakula huku."

"Tuko njiani, mwanangu! Baba anakuja!"

"Mwambie arudi tu nyumbani," mtoto alisema kwa upole. "Mama wa huku anasema nyinyi wageni huwa hamfiki."