Kitenge Juu ya Barafu

Muziki ulipokwisha, Veridiana alikuwa ameshakivua kitenge chake begani na anashuka ngazi.

"Mama, rudi ukae," binti yake alisema kwa sauti ya chini. "Hapa watu hawatuzi."

"Mtu acheze vile asituzwe? Huo ni ustaarabu gani?"

Kule chini, bibi wa miaka sabini na minne alikuwa anainama kuwashukuru watazamaji. Mwaka huo wa 2015, mji wa Buffalo, Marekani, uliwaalika walioshindana zamani katika mashindano ya kimataifa ya kucheza juu ya barafu, na huyu alicheza wa mwisho. Wengine walimjua kwa medali zake. Veridiana aliyajua magoti yake, maana ndiye aliyeajiriwa kuyachua kila asubuhi, kisha kumtoa bafuni akimwambia, "Pole pole, bibi. Mguu wa kushoto kwanza."

Akafungua kigeti, akaingia kwenye barafu na viatu vyake vya kanisani.

Hatua ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ikamkimbia. Akabaki amesimama miguu imepanuka, kitenge amekikumbatia, mbele hakuendeki na nyuma hakurudiki.

Bibi akaja akiteleza bila haraka. Akakichukua kitenge, akajifunga kiunoni vile alivyozoea kumwona Veridiana akijifunga, kisha akamshika mikono yote miwili.

"Pole pole, mama," akasema kwa Kiswahili chake cha bafuni. "Mguu wa kushoto kwanza."